Swichi ya Kusikilizia

Ile meseji iliingia saa kumi jioni, mimi nimelala chali, simu juu ya uso kama kawaida yangu. Ilisema ombi langu la kazi limepokelewa, nitapigiwa kesho yake kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, nihakikishe napatikana. Niliisoma mara kumi na moja. Miezi kumi na minne nimetuma maombi mpaka vidole vimeota sugu, na hii ndiyo mara ya kwanza mtu kunijibu kitu chenye saa ndani yake. Kazi yenyewe ni kupokea simu za wateja kwenye kampuni ya kusafirisha vifurushi. Unakaa, unavaa visikilizi, watu wanakuuliza mzigo wangu uko wapi. Mimi nyumbani naitwa Bando, kwa sababu mama anasema binti huyu akikatwa mshipa itatoka intaneti badala ya damu. Kazi hiyo ningeifanya hata usingizini.

Nikaenda sebuleni kutangaza. Baba akanisikiliza mpaka mwisho, akasema vizuri sana, hongera, basi kesho unampeleka shangazi yako makumbusho.

Nikamwambia baba, kesho nasubiri simu.

"Kwani simu yako imefungwa ukutani?" akauliza.

Nikakosa jibu. Na ukikosa jibu mbele ya baba, maana yake umekubali.

Sasa shangazi yangu huyu lazima umjue. Ni dada mkubwa wa baba, mrefu, mkavu kama mpini wa ufagio, na alikuwa opereta wa simu miaka thelathini na moja. Zamani hukuwa unabonyeza namba mwenyewe. Unanyanyua mkono wa simu, unamkuta yeye kituoni, unamtajia namba, anachomeka waya kwenye ubao wenye matundu mengi kama sega la nyuki, unaongea na mtu wako. Kituo kilifungwa, ubao ukang'olewa, na yeye akastaafu, lakini ndani ya kichwa chake hakuna kilichong'olewa. Simu kwake hailii mara tatu. Ikilia ya pili ameshapokea, hata kama ni simu ya jirani. Haandiki namba za watu kwenye simu yake, anazo kichwani, za ukoo mzima, pamoja na za marehemu. Kitu cha muhimu anakiandika kwenye karatasi yoyote iliyo karibu, saa na dakika. Na ukimpigia, jina lako linawaka kabisa kwenye kioo chake, bado atakuuliza unapiga kutoka wapi, namba gani. Halafu atairudia hiyo namba, mbilimbili, polepole. Salio lako linateketea.

Alisikia redioni kwamba ule ubao wake umewekwa makumbusho. Wiki tatu akawa anauliza kila mtu lini atapelekwa. Watoto wake wana kazi, baba ana kazi, mama ana kazi. Nani hana kazi? Haya.

Kabla ya saa nne tulikuwa tumeshafika. Jumba la ghorofa moja, sakafu imepigwa nta mpaka unajiona, kuta nene ajabu. Nikaangalia simu. Chaji asilimia tisini na nane, mtandao vijiti viwili. Betri yangu ni mzee wa kuanguka ovyo, ina sitini sasa hivi, ukigeuka ina tisa, lakini asubuhi ile nilikuwa nimeichaji usiku kucha na nikaiombea.

Mapokezi kulikuwa na dada mmoja mwenye sweta begani na miwani ya kamba. Nyuma yake kabati la vijisanduku vya mbao, vile walivyokuwa wanapangia barua zamani. Akatukatia tiketi mbili, halafu akanyoosha kiganja mbele yangu.

"Simu," akasema.

Nikadhani anataka namba. Akanionyesha tangazo ukutani. Simu zote ziachwe mapokezi, zinaharibu rekodi za sauti zinazochezwa vyumbani, na miali ya kamera inaharibu karatasi za kale.

Nilimweleza yule dada taratibu, kwa heshima, kwamba leo siyo leo. Nikamwonyesha meseji. Nikamwambia nitaizima sauti, sitapiga picha hata ya kiatu changu. Akasema utaratibu. Nikamuuliza makumbusho ya mawasiliano yanamkatazaje mtu kuwasiliana? Akasema utaratibu. Nikamwambia basi ikilia, akimbie aniite. Akasema yeye haachi meza. Nikasema basi aipokee tu, aseme nakuja. Hapo akanitazama kama nimemwambia avae viatu vyangu.

"Mali ya mgeni haiguswi," akasema. "Anayegusa ni mwenye kibao."

Akaiweka simu yangu kijisanduku namba kumi na nne, pamoja na ya shangazi kwa sababu tumekuja pamoja, akatoa kibao kimoja cha mbao chenye namba ileile. Nikanyoosha mkono. Shangazi akakichukua yeye, akakitumbukiza kwenye mkoba wake, akafunga zipu.

"Wewe unapoteza vitu," akaniambia. Ni kweli, lakini haikuwa saa yake.

Mpango wangu ukawa huu: tupite haraka, vyumba vitano, dakika ishirini, turudi mapokezi nikae pembeni ya kabati mpaka saa saba. Mpango ulikufa kwenye chumba cha kwanza. Shangazi anasoma kila maandishi. Kila maandishi. Anasoma kwa sauti, akimaliza anayasahihisha. Mashine ya kugongea simu za maandishi, ile ya kidude kimoja unachokigonga kama unabisha hodi, alisimama nayo robo saa akieleza kwamba aliyeipanga ameiweka kinyume, anayegonga angekuwa amekaa ndani ya ukuta. Kwenye redio ya upepo akaeleza. Kwenye sanduku la posta akaeleza, na sanduku la posta hata mtoto analijua.

Nami ndipo nikagundua kwamba sina saa. Saa yangu ni simu. Humo ndani saa za ukutani zimejaa, kila chumba mbili tatu, na kila moja inasema lake, kwa sababu nazo ni maonyesho. Chumba cha kwanza saa mbili na nusu. Cha pili saa kumi na moja. Ukitoka ukarudi umezeeka. Saa moja tu ilikuwa inatembea, ya mapokezi. Kwa hiyo nikawa nakimbia. Namwacha shangazi kwenye faksi, mbio mpaka mapokezi, natazama saa, natazama kijisanduku, yule dada anasema haijalia, mbio narudi, namkuta bado kwenye faksi ileile. Safari ya nne dada alinyanyua tu mkono kabla sijafika, kama askari wa barabarani.

Halafu kulikuwa na kabati la kioo la simu za mkononi. Zile nzito kama tofali, zenye mkonga wa kuvuta, za vitufe, za kufunua kama kibweta. Nikawa nacheka mwenyewe, mpaka nikafika mwisho wa mstari. Simu ya mwisho ilikuwa simu yangu. Siyo mfano wake. Simu yangu hasa, rangi ileile, hata ule ufa wa pembeni. Chini yake wameandika: "Toleo la zamani. Halitengenezwi tena."

"Si kama ile yako?" akauliza shangazi.

Nikasema twende.

Chumba cha mwisho, kule mwisho wa ukumbi mrefu, ndicho kilikuwa chenyewe. Ubao wa kituo, swichibodi nzima, mbao zake nyeusi zinang'aa, matundu safu kwa safu, nyaya zimelala mbilimbili, na mbele ya kila jozi kaswichi kadogo ka kusukuma. Wamekalisha sanamu la mwanamke kwenye kiti kirefu, wigi limekwenda upande, visikilizi kichwani. Jozi moja ya nyaya imechomekwa juu. Ukutani, picha kubwa ya maopereta wa zamu ya asubuhi, tisa, wamesimama wameshika mikoba. Wa tatu kutoka kushoto ni shangazi. Kijana. Mkavu vilevile.

Mkono wangu ukaenda mfukoni wenyewe, nimrekodi akilia. Mfukoni mlikuwa na tiketi.

Na wala hakulia. Alisogea mpaka kwenye kamba ya kuzuia watu, akainama, akaangalia ubao kwa muda mrefu. Alipoinuka uso ulikuwa umebadilika.

"Huyu anasikiliza mazungumzo ya watu," akasema.

Palikuwa na mwongoza wageni, mwanaume wa makamo mwenye tai nyekundu, ambaye alikuwa ameshaanza hotuba yake. Akanyamaza katikati. Shangazi akamweleza, na mimi nitakueleza kama alivyomweleza, kwa sababu siku nzima iliharibikia hapo. Mteja akipiga, opereta anasukuma kaswichi mbele, anamsikia, anauliza namba. Anachomeka waya wa pili, anamwita yule mwingine. Wakishaanza kuongea, anarudisha kaswichi nyuma, na hawasikii tena. Sasa hapa nyaya mbili zote zimechomekwa, watu wanaongea, na kaswichi bado kako mbele. Maana yake sanamu hili limetega sikio. Na kosa hilo ndilo lililokuwa linafukuzisha kazi. Chelewa, utasemwa. Kosea namba, utasemwa. Sikiliza, unachukua mkoba wako unaondoka siku hiyohiyo. Aliona wawili wakiondoka hivyo.

"Mji mzima ulipita masikioni mwetu," akasema. "Misiba, mimba, watu na siri zao. Hatukusikia kitu. Halafu mmetuweka hapa, picha zetu juu, na huyu chini anadukua."

Mwongoza wageni akasema mama, ni kaswichi tu, hakuna atakayejua.

"Mimi nimejua."

Akasema yeye haruhusiwi kugusa maonyesho, anayeruhusiwa ni mkuu wa makumbusho peke yake, na mkuu yuko juu kwenye kikao. Shangazi akasema hana haraka. Akakaa kwenye benchi, mkoba juu ya magoti, kibao changu ndani ya mkoba, akanyoosha mgongo. Katika ile picha wako tisa, akasema, na wanne wameshazikwa, hawawezi kuja kujitetea.

Nilichuchumaa mbele yake. Nilimbembeleza. Nikamwambia shangazi yangu mzuri, twende sasa, mimi mwenyewe nitaandika barua, nitapiga kelele mtandaoni, wataona aibu watarudisha, lakini sasa hivi kuna mtu anatafuta kunipa kazi na simu imefungiwa kama kuku. Akanipapasa shavu. Akasema nenda juu ukamlete huyo mkuu, wewe una miguu, tukimaliza tunaondoka.

Nikapiga hesabu. Kumtoa kwenye lile benchi kwa nguvu haiwezekani. Kumleta mkuu, dakika tano. Nikapanda ngazi mbilimbili.

Mkuu alikuwa ndani, mlango umefungwa, na nje kuna katibu aliyeniambia nisubiri. Nikasubiri. Nikakaa, nikasimama, nikasoma tangazo la kuzima moto. Mikono yangu haikujua ifanye nini, ilikuwa inatelezesha vidole juu ya tiketi, wallahi, juu ya karatasi. Mlango ulipofunguka akatoka mtu mfupi mwenye kikombe cha chai. Nikamweleza, nadhani kwa pumzi moja. Akaniuliza upande gani wa kaswichi. Nikamwambia mbele. Akasema ahaa, hebu nitafute funguo, nakuja.

Nikarudi chini. Benchi tupu. Mwenye tai akaniambia mama ameona kiu, ameenda mapokezi kuomba maji.

Nakumbuka nilivyokimbia ule ukumbi. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya kabati, glasi ya maji mkononi, na juu ya meza kimelala kibao namba kumi na nne, na pembeni ya kibao simu yangu. Nje ya kijisanduku.

"Simu yako imelia," akasema. "Nimeipokea."

Dada wa mapokezi akadakia kwamba utaratibu umefuatwa, mama alikuwa na kibao.

Nikauliza wamesema nini. Shangazi akasema alimwambia aliyepiga asubiri kwenye laini, akamtuma mgeni mmoja aliyekuwa anaingia apande juu kuniita, hakurudi, basi akachukua ujumbe. Nikaichukua simu. Nyeusi. Nikabonyeza, nyeusi. Ile betri ya kuanguka ovyo ilikuwa imechagua saa yake ya kuanguka.

"Ulipopokea ulisemaje?" nikauliza. "Shangazi, neno la kwanza kabisa. Ulisemaje?"

"Nilisema, 'Kituo. Namba yako tafadhali.'"

Nikaona giza. Miezi kumi na minne. Mtu anapiga kumtafuta mpokea simu, anakutana na kituo kilichofungwa kabla mimi sijazaliwa. Nikaanza taratibu, na sauti ikapanda yenyewe. Nikamwambia nani alikutuma. Simu siyo yako, kazi siyo yako, kituo hakipo, kimekufa, wamekiwekea kamba. Nikamwambia nimekimbia asubuhi nzima kama mwendawazimu kwa sababu ya kaswichi ambako hakajaunganishwa na kitu chochote duniani. Ningenyamaza hapo ingetosha. Sikunyamaza.

"Wewe nawe wangekuweka humuhumu," nikasema. "Walitoe lile sanamu, wakukalishe wewe."

Dada wa mapokezi akapata kitu cha kuandika. Shangazi aliweka glasi mezani, akaipangusa mdomo kwa leso yake, ile glasi, siyo mdomo wake.

"Labda," akasema.

Kisha akafungua mkoba, akatoa tiketi yake ya kiingilio, akaigeuza, akaiweka mbele yangu. Wakati huohuo mkuu akashuka na funguo zake, akaamkia, akasema mama, hebu nionyeshe. Shangazi akanyanyuka akamfuata, bila kunitazama. Yule dada asiyeacha meza naye akaiacha meza, akawafuata. Nadhani alitaka kuona.

Nikabaki mimi na ile tiketi. Nyuma yake, kwa mwandiko ulionyooka ingawa karatasi haina mistari, kulikuwa na haya:

"Kuanza: saa 6 na dakika 7. Kwenda kwa: mtoto wa kaka. Anayepiga: mama wa waajiriwa wapya, chumba cha tatu." Kisha namba, mbilimbili, na chini yake neno "imerudiwa", maana yake aliirudia mwenyewe akaithibitisha. "Ujumbe: apigiwe kabla ya saa 7. Kumaliza: saa 6 na dakika 11. Maelezo: mteja alikuwa na haraka, baadaye alitulia."

Saa ya ukutani ilikuwa saa saba kasoro dakika ishirini na mbili. Kwenye meza ya mapokezi palikuwa na simu ya waya. Sikuomba ruhusa kwa mtu, maana mtu hakuwepo. Nikapiga.

Ulikuwa muziki kwanza, ule wa kusubirisha watu, wa kinanda kisicho na mwisho. Nikiwa bado nakisikiliza hicho kinanda shangazi akatokea kule ukumbini, ameshasahihishiwa kaswichi kake. Aliponiona nina mkono wa simu sikioni akasimama. Akageuka, akanipa mgongo, akatembea hatua kadhaa kurudi alikotoka, mpaka akafika kwenye lile sanduku la posta. Akasimama hapo, anatazama ukuta.

Mama wa waajiriwa akapokea. Nikajitambulisha. Akacheka kidogo, akasema ndiyo, nimekukumbuka, ngoja nikueleze jambo. Ile simu ndiyo ilikuwa usaili wenyewe. Hawawaambii watu, wanapiga tu wasikie mtu anapokeaje. Asubuhi ile alikuwa amepiga kwa watu tisa. Watano walisema "nani mwenzangu". Mmoja alidhani ni fundi wa bomba, akaanza kumgombeza. Mmoja alikuwa chooni na akasema hivyo.

"Wewe umeniuliza namba, umeirudia, ukajifanya kituo kinachomtafuta mwenye simu, umeniambia nisubiri muda gani," akasema. "Na kila baada ya muda unarudi kuniambia bado uko nami. Nilipiga nimekasirika, nimekata nimetulia. Kama bado unaitaka nafasi, ni yako."

Nilikuwa nimefungua mdomo. Neno asante lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Nikautazama ule mgongo kule kwenye sanduku la posta. Umbali ule asingesikia kitu. Hakuna ambaye angesikia, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote ya siku ile. Angekuwa amesimama hapa pembeni, ametega sikio kama shangazi za watu wengine, ningejua namwogopa yeye. Lakini alikuwa amesogea makusudi. Kaswichi kamerudishwa nyuma. Nimeachwa peke yangu na laini.

"Samahani mama," nikasema. "Aliyepokea siyo mimi."

Akauliza ni nani basi. Nikamwambia ni shangazi yangu, alikuwa opereta wa kituo miaka thelathini na moja. Akauliza anatafuta kazi? Nikasema ana miaka sabini na mbili. Akasema mh, sauti haina hata hamsini. Akavuta pumzi kama mtu anayeagana na kitu.

"Na wewe ungepokeaje? Useme kweli."

"Ningesema, 'Haloo, nani?'" nikasema. "Na nisingekuwa na karatasi."

Akakohoa, au alicheka, sijui. Akasema kata, nakupigia sasa hivi hapo ulipo, nikusikie mwenyewe. Kwenye mashine yake namba haijatokea, nimtajie.

Namba. Ya simu ya makumbusho. Ilikuwa na karatasi ya kubandika, imefutika yote. Hata ya kwangu mwenyewe, ukweli wa Mungu, siijui mpaka niangalie. Nikaziba mkono wa simu.

"Shangazi," nikaita. "Namba ya hapa?"

Hakugeuka. Akaitaja kutoka kichwani, mbilimbili, akiongea na ukuta. Ilikuwa ni namba ileile ya kituo chake, wameongeza tarakimu mbili tu mbele. Nikamtajia mama wa waajiriwa. Nikairudia. Nikakata.

Ndipo shangazi akaja. Nikasema shangazi, nisamehe kwa nililosema. Nilitaka kuongeza maelezo, mimi na maelezo tunajuana, akaninyamazisha kwa kidole.

"Usiushike mkono wa simu kabla haijalia," akasema. "Weka mikono mezani. Ya kwanza, meza mate. Ya pili, pokea. Sema uko wapi, sema wewe ni nani. Halafu unyamaze, umsikilize mtu."

"Ninyamaze?"

"Najua," akasema. "Jitahidi."

Akasukuma kalamu yake kuelekea kwangu, na tiketi yangu, upande mweupe juu. Akaenda tena kusimama kwenye sanduku la posta.

Ikalia. Nikameza mate.

Nilianza kazi Jumatatu iliyofuata, majaribio miezi mitatu. Nilivaa vizuri, nikaichaji simu mpaka mia, nikabeba na chaja. Mlangoni pa ofisi kulikuwa na dada mmoja mezani, na nyuma yake kabati la vijisanduku.

"Simu," akasema, akanyoosha kiganja.

Nilimtazama. Nikatazama kabati. Nikaiweka kwenye kiganja chake, akanipa kibao, nami nikakitia mkoba wa mama niliouazima, nikafunga zipu.

Saa saba, mapumziko, tunaruhusiwa kutumia simu ya meza dakika tatu. Wenzangu walikuwa wanatazamana, hakuna anayejua namba ya mtu yeyote. Mimi nilikuwa nayo moja. Shangazi alinikaririsha siku ile njia nzima ya kurudi, mbilimbili, mpaka kichwa kikaniuma. Nikapiga. Hata ya pili haikumalizika kulia.

Nikamwambia shangazi ni mimi, nimeanza, niko mapumziko, nina dakika tatu tu.

Akaniuliza napiga kutoka namba gani.